Mshenga wa Programu Mbili

Karibuni kwenye somo la ubao wa kunakili (clipboard), njia ambayo programu moja humpitishia nyingine kilichonakiliwa. Kabla sijasema zaidi, tazameni ukutani. Nanakili jedwali dogo kutoka Excel. Nikibandika kwenye Word, linakuja jedwali na mistari yake. Nikibandika kwenye Notepad, yanakuja maandishi matupu yaliyotenganishwa na tabu. Nimebonyeza Ctrl+C mara moja tu. Nani ameamua kipi kiende wapi?

Naam, dada pale nyuma anasema ni Windows. Wengi hudhani hivyo, hata mimi nilidhani hivyo kwa miaka.

Windows haikuamua kitu. Excel yenyewe ilitangaza mzigo uleule kwa sura nyingi: maandishi, HTML (lugha ya kurasa za wavuti), picha, na sura zake za ndani. Word ikachukua sura nono inayoielewa. Notepad haijui ila maandishi, ikaridhika nayo. Ndiyo maana nawaambia: mnapoandika programu, tangulizeni sura iliyobeba mengi, mmalizie na maandishi matupu. Mpokeaji huzikagua kwa mpangilio uleule mliouweka, na wengi husimama kwenye ya kwanza wanayoijua. Ukiyasahau maandishi matupu, Notepad haitapata hata herufi.

Neno "kukata na kubandika" lilitoka kwa wahariri wa karatasi, wa mkasi na gundi. Larry Tesler na Tim Mott ndio waliolileta kwenye kompyuta katikati ya miaka ya 1970, kwa programu ya kuandikia ya Gypsy pale maabara ya Xerox PARC, California. Kompyuta ya Apple Lisa ya 1983 ikalifikisha madukani. Historia tuiache hapo, maana utamu uko kwingine.

Ukinakili jedwali kubwa, kuandaa sura zote hizo ni kupoteza kumbukumbu bure. Huenda hakuna atakayebandika. Kwa hiyo Windows inaruhusu ahadi. Unaita SetClipboardData, amri ya kuweka kitu kwenye ubao wa kunakili, unataja sura, lakini mahali pa data unaweka NULL, yaani hakuna kitu. Siku mtu akibandika, unaletewa ujumbe WM_RENDERFORMAT: haya, leta ulichoahidi. Na ahadi ni deni: programu ikitaka kufungwa inaletewa WM_RENDERALLFORMATS, ilipe yote kabla ya kuondoka.

Kwenye Linux yenye X11, mfumo wa kuonyesha madirisha, mambo ni makali zaidi. Pale hakuna ghala kabisa. Seva ya X11 ni mshenga tu: inajua nani anamiliki kilichonakiliwa, inapeleka ombi, inarudisha jibu. Mshenga habebi bibi harusi mfukoni. Mwenye mali akifunga dirisha, kilichonakiliwa kimekwenda naye, labda uwe na programu ya kando inayowahi kukihifadhi. Mimi nilipoteza alasiri nzima nikitafuta kosa kwenye msimbo wangu. Kosa halikuwepo; nilikuwa nafunga dirisha kabla ya kubandika.

Sasa kuburuta na kuachia. Msiogope, ni mazungumzo yaleyale, ila yanafanyika kidole kikiwa bado kwenye kipanya. Katika OLE, mfumo wa Windows wa programu kupeana data, IDataObject (kifurushi cha data) uliyoiandikia ubao wa kunakili ndiyo hiyohiyo unayoikabidhi DoDragDrop, amri inayoanzisha kuburuta. Upande wa pili, dirisha linaloburutiwa linapata DragEnter, DragOver, kisha DragLeave au Drop, na linajibu: nanakili, nahamisha, au naunganisha. DragOver inaitwa tena na tena mshale ukiwa juu ya dirisha, kwa hiyo ole wake atakayesoma faili humo ndani. Mshale utakwama, na mtumiaji atakulaani wewe.

Kwenye kuhamisha ndiko watu huumia. Kwa kawaida anayefuta nakala ya kwanza ni aliyetoa, tena baada ya DoDragDrop kurudi na jibu la kuhamisha. Ukifuta mapema, na mwenzako akakataa mzigo, umetupa kazi ya mtu.

Haya, fungueni mashine. Andikeni programu inayoahidi maandishi tu, bila kuyaandaa. Nakilini, ifungeni, kisha bandikeni kwenye Notepad. Napita mezani kuona ya nani imelipa deni.