Chupa izame, kifuniko kielee

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Kila nikisema napika mafuta kwa taka za plastiki, mtu ananiletea kiroba cha makopo ya maji, mwalimu nimekuletea mzigo, na mimi inabidi nimvunje moyo. Angalieni hili beseni la maji. Natupia kifuniko, kinaelea. Nakata kipande cha chupa yenyewe, kinazama, mmeona? Hiyo ni PET, aina ya plastiki ya chupa, ukiipika inatoa tindikali inayoganda kama unga inaziba bomba, mafuta ya maana hupati. Bomba la PVC nalo linazama, na lenyewe ni baya zaidi, linatoa asidi inayokula chuma. Chetu ni kinachoelea, vifuniko, madumu, ndoo, ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Tanzania Juni 2019, kilo yake moja ina joto karibu sawa na kilo ya dizeli maana imetokana na mafuta hayohayo.

Sasa kupika sio kuchoma, hewa ikiingia umewasha moto tu. Unafunga pipa kabisa, unapandisha joto mpaka nyuzi 450 hivi, minyororo mirefu ya kaboni inayounda plastiki inakatika, mvuke unapoa kwenye bomba unadondoka. Mimi mara ya kwanza nilipika hivihivi bila kichocheo, yaani kitu cha kusaidia minyororo ikatike upesi, nikasubiri mafuta ikaja nta, nta ikaziba bomba, presha ikapanda, mfuniko ukaruka na mimi nikakimbia mpaka barabarani na ndala moja, kwa hiyo msiende kujaribu uani kwenu.

Kichocheo ndo kinamaliza hiyo nta. Ni zeolaiti, unga mweupe wa silika na alumina wenye vitundu, aina ya ZSM-5 kitundu chake ni kama nusu nanomita, nanomita ni milimita ukiigawa mara milioni, yaani mnyororo mrefu haupiti, unakatwakatwa kwanza pale mlangoni, vipande vinaingia ndani vinakatwa tena na kutoka saizi ya petroli, na joto linalohitajika linapungua. Gesi nayo inatoka nyingi, hiyo tunairudisha chini ya pipa iwe moto wa kupikia. Bei inauma kweli, ila kikijaa masizi unakichoma kwa hewa kinarudi cheupe unatumia tena.

Kaka hapo ameuliza kama mafuta haya anaweza kuyatia moja kwa moja kwenye bodaboda. Hapana kaka, yakitoka yamechanganyika, mazito na mepesi pamoja, mpaka uyachemshe tena uyatenganishe, la sivyo utaua injini ya watu.

Haya, wenye chupa leteni hapa mbele tung'oe vifuniko.