Nyumba ya Douglass na Wosia Uliokosa Saini

Jamani, habari zenu! Subirini kwanza nipumue. Nahema kama nimepanda Uluguru, kumbe ni kilima tu cha Anacostia, hapa Washington D.C. Nilipowaambia Wabongo wenzangu wa Maryland kwamba Jumamosi naenda Anacostia, wote waliniuliza swali moja: umepoteza nini huko? Basi tazameni wenyewe. Nageuza kamera… mnaliona lile kuba jeupe kule mbali? Ndilo Bunge la Marekani. Mzee Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa mpinzani mashuhuri wa utumwa, alikuwa akikaa kwenye baraza hili na Bunge lote liko chini yake.

Douglass alizaliwa mtumwa mwaka 1818, Maryland hukohuko ninakolipa kodi mimi. Septemba 1838 akatoroka, amevaa kama baharia. Aliyemsaidia kwa pesa ni Anna Murray, dada mweusi aliyekuwa huru, mfanyakazi wa ndani pale Baltimore. Binti yao alikuja kusimulia kwamba mama yake aliuza hata godoro lake la manyoya. Wakaoana. Miaka karibu arobaini baadaye, 1877, wakanunua nyumba hii kwa dola 6,700. Wakati huo mzee ameshaandika vitabu, ameshahutubia Uingereza, na Rais Hayes amempa cheo cha marshal wa jiji, yaani ofisa wa serikali anayesimamia amri za mahakama.

Sasa sikilizeni hapa. Aliyeijenga, Mzungu mmoja aitwaye Van Hook, ndiye aliyekata viwanja vya mtaa huu wa chini miaka ya 1850, na hati zake zilikuwa na sharti: kiwanja kisiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi, wala mwenye asili ya Ireland. Halafu mambo yakamwendea kombo, madeni yakamzidi, na nyumba yake ikaangukia mikononi mwa Freedman's Bank, benki iliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Aliyekuja kuinunua ni mtu mweusi. Mimi hapo nilicheka kwa sauti, yule dada anayetutembeza akanitazama.

Ndani ni vyumba 21, maana mzee aliongeza. Kuna fidla yake; mjukuu wake Joseph aliirithi sanaa hiyo akawa mpiga fidla mashuhuri. Chumbani kuna vyuma vya mazoezi karibu na kitanda, wale ndugu zangu wa gym mtafurahi. Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha mawe hakina hata dirisha, alikuwa anajifungia humo kusoma na kuandika. Anna naye hakujua kusoma wala kuandika. Aliishi hapa miaka mitano tu, akafariki 1882.

Mwaka 1884 mzee akaoa tena. Helen Pitts, Mzungu, karani aliyekuwa akifanya naye kazi, mdogo kwake kwa miaka ishirini hivi. Mnajua wenyewe kilichofuata! Watoto wa Anna walinuna, na baba yake Helen, mtu aliyepinga utumwa miaka yote, hakutaka kumpokea mkwe.

Tarehe 20 Februari 1895 Douglass alirudi kutoka kwenye mkutano wa wanawake, akawa anamsimulia mkewe mambo ya huko, akaanguka papa hapa ukumbini. Ndiyo ikawa mwisho wake.

Nyumba alimwachia Helen kwa wosia. Lakini kwa mali isiyohamishika, saini za mashahidi hazikutimia, hivyo kipengele hicho kikabatilika, na watoto nao wakawa na haki kwenye nyumba. Mtu aliyejua maneno kuliko wote Marekani! Helen akawaomba watoto waiache iwe kumbukumbu ya baba yao, wao wakataka iuzwe wagawane. Mama akakopa, akawalipa, akabaki na nyumba na deni. Mwaka 1900 alifanikiwa Bunge likapitisha sheria ya kuunda chama cha kuitunza. Akafariki 1903, rehani haijaisha. Walioimaliza ni wanawake weusi wa vyama vyao, walichangishana nchi nzima. Serikali imekuja kuichukua 1962. Kwa hiyo bila Helen na wanawake hao, fidla, vitabu, na hata miwani mnayoiona vingekuwa vimeenda mnadani kitambo.

Haya, wanafunga, tunaambiwa tushuke. Sabskraibu, nitawajibu kwenye komenti. Na Mzee wangu, najua Morogoro hapo unatazama: ile karatasi ya kiwanja cha Kihonda uliyoniambia umeshaandika, mashahidi wamesaini wangapi? Nakupigia leo usiku, usizime simu.