Gonga Mapema

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana, za jioni.

Aliyenikaribisha hapa ameniita mtaalamu. Jamani. Mkanda wangu bado mweupe, na nimeuvaa mwaka mmoja na ushee. Jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana na kukunjana viungo bila ngumi, ina mikanda kwa watu wazima: mweupe, bluu, zambarau, kahawia, halafu mweusi, na wengi huufikia huo wa mwisho baada ya miaka kama kumi. Kwa hiyo anayeongea na nyie ni mtoto wa chekechea.

Mimi ni fundi cherehani, hapahapa Moshi, jirani na soko la Memorial. Kijana mmoja aliniletea koti jeupe la mazoezi, wenyewe wanaliita gi, limechanika kwapani na ukosi umeachia. Kwapa nikalimaliza. Kwenye ukosi nikaweka sindano namba 18, ile ya jinzi, ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika nayo. Nikamuuliza, "Hii nguo mnavutia magari?" Akacheka: "Fundi, njoo Jumamosi uone."

Nilikuta watu wazima wanagaragara kwenye mikeka, hakuna ngumi, hakuna teke. Nikasema hii mieleka naiweza. Nimekulia mtaani, kupiga mtama najua. Na roba ya mbao naijua kwa upande wa kupigwa: usiku mmoja nikitoka stendi waliniacha chini bila simu.

Kocha akanipa mlinzi wa usiku, mtu wa kilo 90 na sauti ya upole. Mimi nina 58. Dakika tano, akasema kocha. Sekunde ya kumi nilikuwa chali, mlinzi amenikalia kifuani. Nikasukuma kwa mikono yote miwili, miguu inarusha, pumzi nimebana kama napishana na lori kwenye vumbi. Dakika ya kwanza haijaisha, mikono ikawa kama ya kuazima. Halafu akashika ukosi wangu, mkono mmoja huku, mwingine huku, viganja vikigeuka taratibu. Ndipo nikajua kwa nini ukosi ule unavunja sindano.

Kabali hiyo ikikaa sawasawa haizibi njia ya hewa. Inabana mishipa mikubwa ya damu pande zote za shingo, ile inayopeleka damu kichwani, na mtu anaweza kuzimika ndani ya sekunde kumi hivi, huku koo halimuumi kabisa. Ndiyo hatari yake: unasubiri maumivu na hayaji. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba ukibanwa unamgonga mwenzako mara mbili, anakuachia palepale. Sikugonga. Niliona aibu, siku ya kwanza, mbele ya mteja wangu! Taa za ukumbi zikaanza kusogea mbali.

Mlinzi akaachia mwenyewe. Akaniambia, "Fundi, leo nimeona macho yako. Siku nyingine sitayaona. Gonga."

Mngedhani nimesikia. Mwezi wangu wa pili wa mazoezi mtu akanikunja mkono, nikakaza ili nisionekane mnyonge, kiwiko kikalia. Ilikuwa mwanzoni mwa Januari, na kila fundi humu anajua Januari ni nini: sare za shule. Wiki tatu sikuweza kusukuma kitambaa. Sketi za watu zilikwenda kwa jirani yangu, na wateja wengine hawajarudi mpaka leo.

Na hili la kutogonga lina wakubwa wake. Mjapani Mitsuyo Maeda, mtu wa judo, alifika Brazil mwaka 1914, na kijana Carlos Gracie akajifunza kwake. Mdogo wake Carlos, Hélio, mwaka 1951 alipambana Rio de Janeiro na bingwa wa judo Masahiko Kimura. Kimura akamkunja mkono nyuma, ukavunjika, Hélio hagongi. Ikabidi Carlos aingilie kwa kurusha taulo. Mkunjo ule mpaka leo unaitwa kimura, jina la mshindi. Wenzangu wanaisimulia kama habari ya ushujaa. Sawa, lakini Hélio hakuwa na sare 40 za kushona.

Siku hizi nagonga mapema, mara nyingine sita kwa jioni moja. Cha ajabu, tangu nianze kugonga nimeanza kupumua, na nikipumua naona: kiwiko kiingie ndani, nigeuke ubavu, nisukume nyonga nyuma kama kamba mti anavyojikunja. Juzi nilitoka chini ya mlinzi. Akanirudisha baada ya sekunde mbili, ila nilitoka.

Mama yangu bado anauliza kwa nini mtu mwenye watoto alipe pesa akakaliwe na wanaume. Sijapata jibu la kumridhisha. Shida yake kubwa zaidi ni gi yenyewe, maana mwezi wa Julai, mawingu ya mlima yakikaa, inachukua siku mbili kukauka na kamba ya nguo ni moja.

Nimeongea sana. Naomba vijana wawili waje mbele tuonyeshe. Vueni saa na pete. Nyoosheni mikono nione kucha. Wewe, hizo hapana, kuna wembe pale kwenye begi langu. Wewe mwenye choa shingoni, utasamehe, leo utatazama, ikipona njoo. Haya, nani mwingine?