Bunge, Jeshi na Siri ya Mtungi

Mhadhara uliotolewa jioni katika ukumbi mmoja wa Posta, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Itifaki imezingatiwa, na mtaniwia radhi nikiingia moja kwa moja kwenye mada, maana foleni ya kurudi Mbagala na Gongo la Mboto saa hizi tunaijua.

Na ni Gongo la Mboto ninakoanzia. Usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yalilipuka kwenye maghala ya kambi ya jeshi kule. Waliokuwa Ukonga au Pugu usiku ule hawana haja ya kusimuliwa. Barabara ilijaa watu wanaokuja mjini kwa miguu: mama kambeba mmoja mgongoni, wa pili kamshika mkono, wa tatu hajui kakimbilia wapi. Wengi walilala Uwanja wa Uhuru. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Na jiji hili lilikuwa limeshapitia msiba wa namna hiyohiyo kule Mbagala, Aprili 29, 2009, ambako nako walikufa zaidi ya 20. Kati ya Mbagala na Gongo la Mboto haikutimia hata miaka miwili.

Sasa nisikilizeni. Ghala la mabomu liko umbali gani na nyumba ya kwanza ya raia? Mabomu yaliyomo yana umri gani? Yalikaguliwa lini mara ya mwisho, na aliyekagua alimpelekea nani taarifa yake? Hayo ndiyo ninayoyaita usimamizi wa Bunge juu ya ulinzi. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikiandika habari za Bunge, tangu lilipokuwa likikaa Karimjee, hapa jirani, mpaka likahamia Dodoma. Katika miaka yote hiyo, neno ambalo nimeona linanyamazisha watu upesi kuliko jingine lolote ni hili: usalama wa taifa. Likitamkwa, hata mbunge mwenye ulimi mkali anarudisha karatasi zake mkobani. Jioni hii nataka tulitazame neno hilo bila kuliogopa na bila kulidharau.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mtungi ndiyo Serikali. Mna maji humo ambayo si ya kila mtu kuyachungulia, na mimi sipingi. Lakini kata lazima iingie, na Katiba yetu imekwisha kuitaja kata hiyo kwa jina. Ibara ya 63 inasema Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, kuisimamia na kuishauri Serikali. Haikuandikwa "isipokuwa jeshi". Haikuandikwa "isipokuwa balozi zetu". Ndani ya Bunge hilo iko Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, ambayo wenyewe Dodoma wanaiita NUU. Kata ipo. Tuangalie inafika wapi.

Ibara ya 44 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita. Baada ya kutangaza, anampelekea Spika nakala ya tangazo, na Spika anaitisha Bunge ndani ya siku 14 ili lipime hali na kuamua kama litaunga mkono au la. Ni kifungu kizuri. Nendeni sasa ibara ya 148. Humo Rais, kama Amiri Jeshi Mkuu, anaweza kuyaamuru majeshi yashiriki katika shughuli alizoziona zinafaa za ulinzi au za kuokoa maisha na mali, ndani au nje ya Tanzania. Nje ya Tanzania! Na hapo hakuna siku 14, hakuna Spika, hakuna azimio.

Tangu Vita vya Kagera askari wetu hawajakaa tu makambini. Machi 2008 walivuka bahari kwenda kisiwa cha Anjouan, Komoro, katika operesheni ya Umoja wa Afrika. Wamekwenda Darfur, na huko Julai 13, 2013 tulipoteza vijana saba kwa siku moja. Wamekwenda Lebanoni, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Msumbiji. Na Kongo: mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, nchi zilizotoa askari zilikuwa tatu, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Desemba 7, 2017 kambi yao kule Semuliki ikavamiwa, na tukarudishiwa majeneza zaidi ya kumi. Ninajivunia vijana hao, na ninalisema kwa moyo wangu wote. Lakini hivi vyote havikuwa vita vilivyotangazwa. Kwa hiyo ile ibara nzuri ya siku 14 haikuguswa hata mara moja. Mlango wa mbele tumeufunga kwa kufuli mbili, na safari zote zinapitia mlango wa uani.

Tazameni wenzetu tuliokaa nao kwenye mahandaki yaleyale. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 201, inamtaka Rais akishapeleka jeshi aliarifu Bunge bila kuchelewa mambo manne: sababu ya kulipeleka, mahali lilipo, idadi ya askari, na muda linaotarajiwa kukaa huko. Bunge lisipokutana katika siku saba za kwanza, taarifa hiyo inapelekwa kwenye kamati inayohusika. Kwa nini, wapi, wangapi, mpaka lini. Desemba 2023 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipopeleka kikosi kingine Kongo, nchi zikiwa ni zilezile tatu, Rais Ramaphosa aliliarifu Bunge lake: askari 2,900, gharama ya randi zaidi kidogo ya bilioni 2, mwaka mmoja, kuanzia Desemba 15, 2023 hadi Desemba 15, 2024. Ikatangazwa hadharani, magazeti yakaandika.

Mtaniuliza, je, taarifa hiyo iliwasaidia? Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi, Afrika Kusini ilipoteza askari 14, nasi tulipoteza wawili. Wabunge wa kule walimbana waziri wao wa ulinzi mbele ya kamati: vijana walikuwa na silaha za kutosha? Ndege za kuwasaidia zilikuwa wapi? Machi mwaka huohuo wakuu wa SADC wakaamua kukifunga kikosi. Sisemi ni maswali ya wabunge yaliyokifunga. Vita vyenyewe vilikuwa vimeelemea upande mmoja. Ninachosema ni kwamba mama aliyempoteza mwanawe kule alisikia mtu akiuliza kwa niaba yake, kwa sauti, na waziri akilazimika kujibu. Katiba yetu haina kifungu kama kile cha 201. Askari wetu na wao walikunywa maji ya kisima kimoja, ila mama zao wana haki zisizolingana.

Wapo wanaosema hii ni mila ya kigeni. Uingereza yenyewe haina sheria inayomlazimu Waziri Mkuu kuomba ruhusa ya Bunge kwenda vitani. Ni desturi iliyoanza kujengeka baada ya kura ya Iraki mwaka 2003. Desturi hiyo ndiyo iliyomfunga David Cameron Agosti 2013, aliposhindwa kwa kura 285 dhidi ya 272 kuhusu Siria. Na kwa kuwa ni desturi tu, Aprili 2018 Theresa May aliishambulia Siria bila kupiga kura yoyote. Kwa hiyo mimi ni mtu wa kuandika mambo kwenye Katiba. Desturi ni nzuri mpaka siku inapokuwa na usumbufu.

Nirudi Dodoma, niwapeleke kwenye kiti changu cha waandishi, juu. Bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa inaletwa kwa mafungu matatu: Fungu 57 ni wizara yenyewe, Fungu 38 ni Ngome, yaani jeshi lenyewe, Fungu 39 ni JKT. Waziri anasoma hotuba, kamati inasoma maoni yake, wabunge wanachangia, halafu Bunge linageuka Kamati ya Matumizi na Katibu anaanza kutaja vifungu kimoja kimoja. Hapo ndipo mbunge mwenye hoja anaposhika shilingi ya mshahara wa waziri. Kwa msioifahamu desturi hii, mbunge anasema: nisipopata maelezo ya kuridhisha, natoa shilingi. Ni shilingi moja tu, lakini nimeona mawaziri wakitoka jasho kwa ajili yake, kwa sababu ikiondoka, Bunge limesema halimwamini.

Kwenye ulinzi, shilingi niliyoiona ikishikwa mara nyingi ni ya mipaka ya kambi: jeshi limeingia shambani kwa wananchi, fidia haijalipwa, mthamini alikuja mara moja akapotea. Nakumbuka mbunge mmoja akiwa amekunja ramani ya kijiji chake mara nne, imechanika kwenye mikunjo, anaionyesha kwa waziri kidole kikitetemeka: jiwe la mpaka lilikuwa hapa, sasa liko hapa. Yule alikuwa anasimamia jeshi kikwelikweli, na hakuna siri ya taifa iliyovuja. Kisha muda ukaisha, ikaingia gilotini, na vifungu vyote vilivyobaki vikapita kwa mkupuo. Wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyooo! Wasioafiki? Kimya. Fungu 38, Ngome, limepita, lote, na mabilioni yake. Ndani ya ile "ndiyo" moja zimo gharama ambazo hakuna aliyepata dakika ya kuziuliza.

Wazee mnajua gharama inavyorudi. Mwaka 1978 Idi Amin alipoingia Kagera hakuna aliyeuliza kwa nini tunapigana. Mwalimu alisema nia, sababu na uwezo vyote tunavyo, na taifa zima lilimwamini, mimi nikiwa mwanafunzi mmojawapo. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Baada ya hapo tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Nilisimama foleni ya sabuni tangu alfajiri, jiwe likinishikia nafasi nikienda kuchota maji, na hiyo miezi 18 ikawa miaka. Vita vile vilikuwa vya haki, sina shaka. Lakini hata vita vya haki vina ankara, na anayeilipa ana haki ya kuisoma.

Na ankara ya rada? Tanzania ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, na leseni ya kuiuza ikatolewa London mwaka 2001. Aliyepiga kelele mapema na kwa nguvu ndani ya Serikali ya Uingereza alikuwa Clare Short, waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, akisema ni ghali mno kwa nchi maskini. Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 baada ya kukiri kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu, na pauni milioni 29.5 zikatengwa ziwarudie Watanzania. Malipo yakasuasua. Mwaka 2011 Kamati ya Maendeleo ya Kimataifa ya Bunge la Uingereza ikawaita wakubwa wa kampuni kujieleza, na ujumbe wa wabunge wetu nao ukaenda London kudai. Fedha zikaja mwaka 2012, zikanunua vitabu na madawati, na sisi tukaziita chenji ya rada. Napenda sana jina hilo, ni jina la watu wanaojua kuhesabu. Ila linaniuma pia. Chenji huulizwa pale dukani, mkono ukiwa bado umeshika bidhaa. Sisi tuliipata baada ya miaka kumi, na kaunta iliyogongwa kwa ajili yetu ilikuwa ya watu wengine.

Kwenye mikataba nitapita haraka. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Novemba 2016 wabunge waliuchambua mkataba wa EPA, ule wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, wakati Serikali haijausaini, wakashauri usisainiwe, na haukusainiwa. Ule wa bandari na Dubai ulisainiwa Oktoba 2022, ukafika bungeni na kuridhiwa Juni 10, 2023, na mabishano yake mnayakumbuka, kwa sababu bandari yenyewe iko hapo chini. Mkataba unaojadiliwa kabla ya wino unabadilika. Unaojadiliwa baada ya wino unagawa watu. Na ile mikataba ambayo masharti yake hayasemi kuridhiwa, zile hati za makubaliano ya ulinzi, haina ulazima wa kufika bungeni kabisa.

Nimalizie na pingamizi ninaloliheshimu. Kamanda mmoja mstaafu aliwahi kuniambia: mwanangu, ukisema askari wako wapi, unawaua. Kweli. Mpango wa mashambulizi, njia ya msafara, masafa ya redio, jina la mtu anayetupa habari: hayo yabaki ndani ya mtungi, na yakimfikia mjumbe wa NUU yamfikie mlango ukiwa umefungwa, kwa kiapo. Lakini kwa nini tumewapeleka, nchi gani, wangapi kwa jumla, mpaka lini, kwa shilingi ngapi, na wangapi hawakurudi? Adui mengi ya hayo anayaona kwa darubini. Asiyeyaona ni mtu wa Temeke.

Kwa hiyo natoa ombi moja, na ni la sheria. Ibara ya 148 yenyewe inaanza kwa kutambua masharti yatakayowekwa na sheria iliyotungwa na Bunge. Maana yake hatuhitaji kusubiri Katiba mpya. Bunge linaweza kutunga sheria fupi, ya kurasa chache, inayotaka maswali hayo yajibiwe kila jeshi linapovuka mpaka, na taarifa ya maghala ya silaha yaliyo karibu na makazi ifike NUU kila mwaka kabla ya Fungu 38 halijaulizwa ndiyo au siyo.

Nimewaona pale nyuma wazee wawili waliotoka Gongo la Mboto kwa daladala kuja kunisikiliza, na mmoja ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja Uwanja wa Uhuru. Naomba maikrofoni imfikie yeye kwanza.