Mbao Zinakwenda Mashariki

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Miaka michache iliyopita nilisimama mpakani, upande wa Uganda, lori likaingia kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo ya Kinshasa. Turubai lilipofunuliwa tulisikia harufu ya mti mbichi. Zilikuwa mbao za libuyu, mti wa jamii ya mahogani, pana kuliko kifua changu, alama za meno ya msumeno bado zinaonekana. Karatasi ya dereva ilikuwa na mhuri mmoja uliofifia, hausomeki. Lori likapita.

Msitu wa Bonde la Kongo haujakosa mikataba. Marais walikutana Yaoundé mwaka 1999, na mwaka 2005 wakatia saini mkataba wa COMIFAC, yaani Tume ya Misitu ya Afrika ya Kati, mjini Brazzaville. Wanachama ni nchi 10, kuanzia Burundi hadi São Tomé. Kule kwenye mto Sangha, Kameruni, Kongo-Brazzaville na Jamhuri ya Afrika ya Kati zimeunganisha hifadhi 3, walinzi wao hupiga doria pamoja. Kazi hiyo naiheshimu sana.

Lakini Uganda na Kenya, ambako mbao za Ituri huuzwa, hazimo COMIFAC. Lori likishavuka pale, mkataba ule umebaki nyuma yake.

Sasa, mwaka 2022 Kongo ya Kinshasa iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya una sura nzima ya mazingira, ya 19, na una mahakama Arusha. Mwaka 2014 mahakama hiyo ilisema barabara ya lami iliyopangwa kukatiza kaskazini mwa Serengeti ni kinyume cha Mkataba. Aliyeshtaki hakuwa serikali jirani, lilikuwa shirika la kutetea wanyama kutoka Nairobi. Ibara ya 30 inampa haki hiyo mkazi yeyote wa nchi mwanachama: mkulima wa Mambasa kule Ituri, seremala wa Kampala. Anayeshtakiwa ni serikali, si mfanyabiashara. Sawa, kwani nani aliyeliruhusu lori lipite?

Kinachoniumiza ni muda. Kesi ifunguliwe ndani ya miezi 2 tangu jambo litendeke, au tangu ulijue. Kutoka kijiji cha msituni hadi kumpata wakili, miezi 2 huisha ukiwa bado njiani. Kwa hiyo ushahidi lazima uwe tayari kabla ya wakili.

Siku ile mpakani sikuandika hata namba ya lori. Ninyi mnaoishi kando ya barabara ile, andikeni: tarehe, namba, na kilichosomeka kwenye mhuri.