Faraja Katikati ya Dhiki

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Sote tunaujua msemo huu: baada ya dhiki, faraja. Nimeutamka mara nyingi nikiwa na wafiwa, na siukatai, maana dhiki nyingi kweli hupita. Lakini Paulo, katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, anaweka neno jingine pale tunapoweka "baada". Anasema Mungu "atufarijiye katika dhiki zetu zote". Katika. Naomba tukae na neno hilo moja jioni hii, kwa sababu najua humu wamo watu ambao "baada" yao haijafika, na wengine wameshaambiwa na madaktari kwamba haitafika.

Na Paulo hayasemi hayo akiwa raha mustarehe. Mistari michache mbele anakiri kwamba huko Asia walielemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtume mzima! Sisi tunaogopa kusema hivyo kanisani, tusije tukaonekana imani yetu haba.

Twende kwa Eliya, 1 Wafalme 19. Huyu ndiye aliyeona moto ukishuka Karmeli. Sasa yuko jangwani, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe: "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Kisha analala. Tazameni Mungu anavyomjibu. Hamkemei, wala hamhubirii. Malaika anamgusa, na Eliya akifumbua macho anaona kichwani pake mkate umeokwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Anaachwa alale! Malaika anarudi mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Maneno hayo hunishika kila ninapoyasoma. Mungu mwenyewe anakubali kwamba safari imemzidi mtumishi wake. Malkia Yezebeli bado yupo, anamwinda. Jangwa bado ni lilelile. Ila mkate una moto, na kuna mkono uliomgusa.

Mke wangu alipofariki niliambiwa mengi. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi. Usilie, wewe ni mtumishi. Waliosema walinipenda, sina kinyongo nao. Lakini siku ile nilifarijiwa na mama mmoja mzee, muumini mwenzetu. Aliingia, akasema "pole, mwanangu", akaketi kando yangu, akanishika mkono. Hakufungua Biblia. Nilipolia, naye alilia. Jioni alinyanyuka, akaosha vyombo vyote vilivyojaa jikoni, akaenda zake, na kesho yake akarudi. Miezi kadhaa baadaye nikausoma mlango wa 7 wa waraka uleule: "Mungu, mwenye kuwafariji wanyonge, alitufariji kwa kuja kwake Tito." Nilifunga kitabu nikalia upya. Kumbe hata Paulo alifarijiwa na mtu aliyebisha hodi!

Rafiki zake Ayubu walianza vizuri. Walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, maana waliona mateso yake ni makuu mno. Laiti wangeishia hapo! Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia dhambi. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, anasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ayubu yule aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeumia, lalamiko lako mpelekee Mungu jinsi lilivyo, usilipambe. Zaburi ya 88 inaishia gizani, hakuna shangwe mwishoni. Lakini katika giza hilo mtunzi anamlilia nani? Anamlilia Bwana, mchana na usiku, na anamwita Mungu wa wokovu wangu. Naye Yesu, akielekea kaburini kwa Lazaro, alijua kwamba punde atamwita atoke. Hata hivyo alilia. Hakuwaambia Martha na Mariamu, dada zake Lazaro, wanyamaze.

Sasa tutakaa kimya kwa dakika chache. Mwenye kutaka kuisoma Zaburi hiyo ya 88 aisome kimoyomoyo. Na ukimwona jirani yako analia, usimwambie kitu. Sogea tu karibu naye.