Ufizi Uliorudi Nyuma

Assalaam alaykum, na ahsanteni kwa kutoka na jua hili la Mombasa.

Wazee wengi hunijia na neno moja: "Daktari, meno yangu yamerefuka." Jino halirefuki, bi mkubwa. Ufizi ndio uliorudi nyuma, mzizi ukabaki uchi, na ndiyo sababu dafu la baridi lakuchoma hadi utosini. Ufizi huo haumei tena. Hakuna dawa ya kupaka itakayourudisha, hata muuzaji aape vipi.

Wengine wameliwa ufizi na ukoga uliogeuka jiwe. Wengine husugua meno kama wasugua sufuria ya pilau iliyoungua, na hawa huudhika nikiwaambia, maana wajiona ndio wasafi.

Upasuaji tunaouamini zaidi ni huu: twachukua kipande chembamba cha nyama ya kaakaa, twakilaza juu ya mzizi, kisha twauvuta ufizi wenyewe ukifunike. Wapigwa ganzi, washonwa, warudi nyumbani. Kinachouma zaidi baadaye mara nyingi ni kaakaa, kama uliyeiunguza kwa chai ya tangawizi. Kachri za muhogo uziage kwa muda. Na usilipange jambo hili Ramadhani. Dawa za maumivu na za kusukutua zina saa zake.

Lakini mimi, kabla ya kushika kisu, natazama mfupa ulio baina ya jino na jino. Ukiwa mzima, mzizi waweza kufunikwa wote. Ukiwa umeliwa sana, kile kipande kitapata wapi damu ya kukilisha? Mvuta sigara naye aiweke chini kwanza, kwani kidonda chake hakiponi vyema.

Kwa mfupa uliokwisha, kuna ufizi wa bandia. Twapiga chapa ya meno, fundi atengeneza ganda jembamba la akriliki au silikoni, lavaliwa mbele ya meno na kuziba yale matundu meusi yaliyobaki baina ya jino na jino. Mwambieni afuate rangi yenu! Fizi zetu wengi zina weusi wake. Ganda la waridi tupu litakuumbua ukicheka harusini. Usiku lavuliwa, laoshwa, na meno yaliyo chini yake yapigwa mswaki, ama ugonjwa utaendelea kimyakimya humo ndani.

Nimekuja na moja la mfano. Lipitisheni mlione, ila tafadhalini, mtu asilijaribu kinywani.